Kabla hamjaenda kuzoa tope: majibu yangu kutoka Katesh

Mleta mada yuko Ifakara. Anasema maji ya Mto Lumemo yameanza kutoka kwenye nyumba za watu, vijana wa mtaani kwao wamekubaliana kwenda kusaidia kusafisha, na anauliza waanzie wapi, wabebe nini, na kama kuna maana ya kwenda wakati serikali na Msalaba Mwekundu wameshafika. Wengi wamemjibu "nendeni tu, Mungu atawalipa". Ni maneno mazuri lakini hayamsaidii kujua afanye nini kesho asubuhi, kwa hiyo naomba niandike kwa kirefu.

Mimi naishi Babati. Nilikwenda kujitolea Katesh, wilayani Hanang, baada ya maporomoko ya Jumapili ile ya tarehe 3 Desemba 2023. Kwa asiyekumbuka, mvua za vuli mwaka ule zilikuja na El Niño. Mlima Hanang ukanyonya maji mpaka sehemu yenye miamba dhaifu ikameguka, na asubuhi na mapema tope likashuka na mawe na magogo, likapita vijijini na kuingia mjini. Zaidi ya watu 80 walipoteza maisha na zaidi ya kaya 1,000 ziliathirika. Kwa kuwa Hanang ni mlima wa volkano, uvumi ulienea kwamba umelipuka. Haikuwa hivyo, na serikali ilitoa ufafanuzi mapema, lakini tuliwakuta watu wanaogopa kurudi kuangalia nyumba ambazo bado zilikuwa zimesimama. Kwa hiyo hata huko kwenu mkisikia habari za bwawa kupasuka au mto kurudi usiku, msiisambaze kabla ya kumuuliza mwenyekiti wa mtaa.

Nianze na swali la mwisho, maana ndilo zito. Maana ya kwenda ipo, na ni kubwa. Siku za kwanza ni za wenye mafunzo na mashine. Pale Katesh jeshi, Zimamoto na wenzao ndio waliokuwa wakitafuta watu na kufungua barabara ya Babati kwenda Singida iliyokuwa imezibwa na tope. Raia wa kawaida akijipenyeza pale bila kuitwa anaongeza kazi. Lakini kijiko, ile mashine ya kuchimbia, hakiingii chumbani kwa mtu. Barabara ikishafunguka, katapila linaondoka, na ndani ya nyumba tope bado limefika kiunoni, limebana mlango, limefunika kitanda, jiko na gunia la mahindi. Hilo linatolewa kwa koleo, ndoo na mikono, chumba kwa chumba. Mama mjane mwenye watoto wadogo hawezi. Mzee wa miaka sabini hawezi. Hapo ndipo kikundi chenu kinapohitajika, na kinahitajika zaidi wiki ya tatu na ya nne kuliko siku ya tatu, kwa sababu wiki ya kwanza kila mtu yupo, magari ya misaada yamepanga foleni, na wapiga picha wamejaa. Mwezi ukiisha unakuta familia peke yake na tope lililoanza kukauka.

Na tope likikauka linakuwa gumu kama zege. Likiwa bichi linateleza kwenye koleo, likikauka mnalichimba kwa sururu. Kama lazima mchague, anzeni na nyumba ambazo tope bado ni bichi.

Waanzie wapi? Kwa mwenyekiti wa mtaa na balozi wa nyumba kumi. Msiende moja kwa moja kwenye nyumba iliyo karibu na lami, maana hiyo kila kikundi huianzia. Mwenyekiti ana orodha, anajua nani ameondoka kwenda kwa ndugu, nani yuko kambini, nyumba ya nani ina mgonjwa. Ila muulizeni pia jambo moja ambalo mara nyingi halimo kwenye orodha: wapangaji. Orodha nyingi huandikwa kwa nyumba, na nyumba ina jina la mwenye nyumba. Aliyepanga chumba kimoja uani, akapoteza godoro, cherehani na mtaji wake wote, hana jina popote. Katesh ni mji wa biashara, wapangaji walikuwa wengi, na tulikutana na dada mmoja fundi nguo ambaye hakuna aliyekuwa amemfikia kwa sababu hiyo tu. Tulimtolea tope, mwenyekiti akamwandika. Naamini kabisa mkilisimamia hili peke yake mtakuwa mmefanya kazi kubwa.

Sasa jambo ninalolisisitiza kuliko yote: mwenye nyumba ndiye msimamizi wa kazi. Nyinyi ni vibarua wake. Msirushe nje kitu chochote kabla hajakiona. Nitawapa mfano. Tulikuwa kwa bibi mmoja wa Kibarbaig ambaye Kiswahili chake kilikuwa kidogo, mjukuu wake akitutafsiria. Vijana walikuwa na nguvu na haraka, toroli linakwenda na kurudi, na chungu ya tope nje ilikuwa inangoja kupakiwa kwenye tipa. Bibi alikuwa amekaa kimya kwenye kigoda. Ghafla akanyanyuka, akaenda kwenye ile chungu, akasema maneno machache. Mjukuu akatuambia, "Anasema upande huo ndipo lilipokuwa tranka la mama yangu." Tukasimamisha tipa. Tukaomba kwa fundi wa jirani lile chekeche la kuchekechea mchanga, tukaanza kupitisha tope ndoo kwa ndoo huku mmoja akimwagia maji. Kwanza vilitoka vijiko na kufuli. Kisha tranka lenyewe, limebonyea, kifuniko kimefunguka nusu. Ndani mlikuwa na mfuko wa nailoni uliofungwa fundo, na ndani ya mfuko vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kadi za kliniki, cheti cha kidato cha nne cha yule mama, na karatasi ya mauziano ya shamba yenye sahihi za mashahidi. Bibi hakuwa anajua kusoma, lakini ile karatasi ya shamba aliitambua kabla hatujaifungua.

Fikirini kama ile tipa ingeondoka. Mtu aliyepoteza nyumba anaweza kupewa bati na saruji. Aliyepoteza ushahidi kwamba shamba ni lake anaanza kesi.

Kwa hiyo kila kikundi kiwe na watu wawili ambao kazi yao ni karatasi na picha tu. Karatasi zilizogandamana msizibandue zikiwa mbichi. Zisuuzeni taratibu kwenye beseni la maji safi, muondoe tope, kisha zitandazeni kivulini juu ya kitambaa au magazeti, si juani, maana zikipigwa jua kali zinajikunja na kuchanika. Zikianza kukauka ndipo mnazitenganisha. Kitambulisho cha NIDA ni plastiki, hicho kinaoshwa tu. Picha za harusi na za marehemu msizisugue kwa kidole. Mwiteni mwenyewe azipokee kwa mkono wake.

Vifaa: makoleo, sururu chache, ndoo ngumu za wajenzi (zile za rangi zinakatika mkono), toroli, reki, chekeche, kamba, mabuti ya mpira, glavu nzito, na maji ya kunywa ya kwenu wenyewe. Msiende kuwa mzigo kwa watu wanaopanga foleni ya maji. Bebeni chakula chenu, lipeni malazi yenu. Na vitu mnavyoweza kuvinunua hukohuko, vinunueni hukohuko. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini kwenu naye huenda mafuriko yamempitia.

Afya sasa. Hapa naomba msome polepole. Vyoo vya shimo vikifurika, kila kilichokuwemo kinachanganyika na tope lile mnaloliona. Kipindupindu hufuata mafuriko, kwa hiyo mikono inaoshwa kwa sabuni kabla ya kula, hata kama ni muwa tu. Chini ya tope kuna misumari na vipande vya bati, kwa hiyo piteni zahanati kabla ya safari mkaulizie sindano ya pepopunda. Mwenye kidonda mguuni asiingie. Mnakumbuka ile homa ya mgunda iliyozuka Lindi mwaka 2022? Vimelea vyake hutoka kwenye mkojo wa wanyama, panya wakiwemo, na huingia mwilini kupitia mkwaruzo mdogo tu ukikanyaga maji au tope lenye uchafu huo. Ukirudi nyumbani ukapata homa kali na maumivu ya misuli, mwambie daktari kwamba ulikuwa kwenye mafuriko. Usinyamaze ukanywa dawa za malaria ukalala. Mizoga ya mifugo waachieni afisa mifugo na watu wake.

Mkikutana na mwili wa binadamu, au hata mkihisi hivyo, simamisheni kazi, watoeni watoto, iteni polisi au Zimamoto. Asipige picha mtu. Nalisema kwa uchungu kwa sababu niliona picha za watu waliokufa zikizunguka kwenye simu kabla ndugu hawajapewa taarifa.

Kabla ya kuingia kwenye nyumba yoyote, hakikisheni umeme umekatwa kwenye swichi kuu, na kama swichi yenyewe imelowa msiiguse, ngojeni TANESCO. Zungukeni nje mtazame kuta. Nyumba ya tofali mbichi za udongo ikilala kwenye maji inalainika chini, juu inaonekana nzima. Ukiona ufa kwenye pembe, ukuta uliotoa tumbo, au mlango usiofunguka kwa kuwa fremu imepinda, aje fundi kwanza. Na tope likiwa limejaa ndani na nje ya ukuta, toeni pande zote mbili kwa kwenda sambamba. Mkimaliza ndani na nje bado limejaa, uzito wa nje unausukuma ukuta unawaangukia. Hilo tulifundishwa na mzee mmoja fundi wa Katesh, na kila asubuhi alikuwa anatukumbusha kabla hatujashika koleo.

Tope likiisha, osheni sakafu na kuta kwa maji na sabuni, kisha dawa ya klorini. Klorini haichanganywi na dawa nyingine ya choo, hewa yake inachoma mapafu. Halafu muache nyumba wazi ipumue. Msikubali mtu apige plasta wala rangi wiki hiyohiyo ili ionekane kazi imekamilika. Ukuta uliolowa unahitaji wiki nyingi kukauka, na plasta itabanduka yote.

Kuhusu ujenzi, kuwe na ukweli. Kule Hanang serikali ilijenga nyumba mpya eneo la Waret kwa waliopoteza makazi, na ujenzi ule ulichukua miezi mingi. Katikati ya hapo watu waliishi kwa ndugu, na wengine walirudi kwenye viwanja vyao vya zamani. Nyinyi hamtajenga nyumba, msiahidi. Mnachoweza ni kusomba mawe, kusafisha tofali nzima zilizobaki zitumike tena, kunyoosha bati, kuchimba shimo la choo, kumsaidia fundi kazi ya usaidizi ili familia isilipe kibarua. Choo kiwe cha kwanza. Na kabla hamjamsaidia mtu kuinua msingi palepale, muulizeni afisa wa kata kama eneo hilo limeruhusiwa. Inauma kumwambia mtu asubiri, lakini inauma zaidi kumjengea kwenye njia ya maji.

Nguo za mitumba msikusanye, zitakuwa zimejaa tayari. Kusanyeni sufuria, mablanketi, pedi za akina dada, madaftari na sare. Mbegu pia, kama msimu bado haujapita, maana kwa mkulima wa Kilombero shamba likishazama ndiyo chakula cha mwaka mzima kimekwenda.

Mkuu, kama mna nafasi ya wiki moja tu, igaweni: siku chache sasa, na zilizobaki mrudi baada ya mwezi kwenye nyumba zilezile. Mkirudi mtakuta kazi nyingine mliyokuwa hamjaiona, kama dari linalooza, kisima ambacho hakuna aliyekitia dawa, au mtoto ambaye hajarudi shule kwa kukosa sare. Andikeni majina ya familia na namba za simu siku ya kwanza, mumkabidhi mmoja wenu daftari hilo. Ukitaka mfano wa fomu tuliyotumia kuandikisha nyumba na wapangaji, niambie hapahapa nitaiweka.