Karafuu ni ya pilau, H. pylori ana dawa yake

Kuna dada kaniandikia inbox wiki hii, kapima kakutwa na H. pylori, yule bakteria wa tumboni anayeleta vidonda vya tumbo, kapewa dozi ya antibayotiki, kameza siku mbili tatu mdomo ukawa mchungu kama kalamba shilingi. Sasa anauliza aache vidonge anywe manjano na tangawizi maana kaona video. Dada, usiache.

Mimi nilivyoumwa vidonda vya tumbo kila mtu alikuwa daktari. Mama mkwe alinichemshia karafuu asubuhi na jioni, jirani kaleta manjano na asali, halafu muuza dawa mmoja wa mtaani akaniuzia unga kwenye chupa ya maji kwa bei ya mbuzi akaniambia vidonge vya hospitali vinakausha utumbo. Chai zao nilikunywa kwa heshima, ila vidonge nilimeza, wakaniita mjuaji. Mpaka leo kuna wifi tukikutana kwenye shughuli ananisalimia "daktari hujambo" mbele za watu. Haya. Nilimaliza dozi yote, baadaye nikarudi kupima choo, hakuna mdudu. Mjuaji kapona bwana, na pilipili anakula.

Ila haki yao niwape, hawakuzua. Maabara ukiwaweka hao bakteria kwenye kisahani ukawatilia kurkumini ya manjano, yujenoli ya karafuu au katekini za chai ya kijani, wanadumaa, wengine wanakufa kabisa. Shida tumbo sio kisahani. Mdudu anajichimbia chini ya ule ute wa ukuta wa tumbo, anatengeneza amonia ya kupooza asidi inayomzunguka, wakati chai yako ishapita zamani. Watu walipopewa manjano bila antibayotiki kwenye tafiti, wengi wao mdudu alibaki palepale.

Na huyu sio wa kumlea. Mwaka 1994 IARC, wale wa WHO wanaoshughulika na saratani, walimweka kundi la 1, yaani la vitu vinavyojulikana kwa uhakika kuleta saratani, kundi moja na sigara. Tusitishane, wengi wanaoishi naye hawapati saratani ya tumbo, lakini hatari ipo maana anauchoma ukuta wa tumbo miaka na miaka. Kuna daktari wa Australia, Barry Marshall, mwaka 1984 aliwanywa hao bakteria makusudi ili watu wamwamini kwamba ndio wanaoumiza tumbo, ukuta wa tumbo lake ukavimba kweli, na 2005 yeye na Robin Warren wakapewa Nobel. Unajua alijitibu na nini? Antibayotiki.

Tena hiyo chai yenyewe tunayoisifia, IARC haohao 2016 walisema kinywaji cha moto kuzidi nyuzi 65 huenda kinaleta saratani ya umio, na huku kwetu Kenya, Tanzania mpaka Malawi ugonjwa huo tunao sana. Kwa hiyo wewe unayejisifu unakunywa ikiwa inatokota, iache ipoe jamani, tangawizi haikimbii.

Dada yangu, meza mpaka viishe, ule uchungu wa mdomo unaondoka ukimaliza, na ukiona umezidi rudi kwa daktari akubadilishie, usijikatie mwenyewe. Tangawizi kunywa kama haikuchomi. Kupima tena subiri angalau wiki 4 baada ya dozi, na omeprazoli, ile dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, iwe umeiacha wiki 2 kabla, la sivyo kipimo kinaweza kusema huna kumbe unaye. Hilo la omeprazoli waulize mapema kabla hujapeleka choo.