Kramponi za Rwenzori: buti ndiyo inayochagua

Swali: Mtaalamu, habari za kazi. Tuko watu wanne hapa Fort Portal, tunajiandaa kupanda Margherita, kilele cha juu kabisa cha milima ya Rwenzori, mwezi wa kwanza kwa njia ya Nyakalengija. Nimepata buti za mtumba pale soko la Owino, Kampala, za ngozi, nzito, soli bado ina meno mazuri. Sasa natafuta kramponi, yale meno ya kufunga chini ya buti kwa ajili ya barafu. Muuzaji mmoja wa Kampala amenionyesha jozi tatu: moja ya alumini, nyepesi sana, moja ya chuma inayofungwa kwa mikanda, na moja ya chuma yenye waya mbele na klipu nyuma, ambayo anasema ndiyo ya kitaalamu. Mlimani kuna matope, mawe, theluji na barafu. Ipi itafaa kote? Nitaijaribuje huku chini pasipo na theluji? Halafu kuna jamaa ananiambia nizifunge tu juu ya gambuti. Ni kweli?

Jibu: Ndugu yangu, kwa maelezo yako ningechukua ile ya chuma yenye mikanda. Lakini usitoe pesa kabla hujazikagua hizo buti za Owino, kwa sababu buti ndiyo inayochagua kramponi. Wengi hununua yale meno ya chuma kwanza, kisha wanatafuta namna ya kuyalazimisha kwenye kiatu walicho nacho, na kule juu yanachomoka.

Anza na soli ya kati. Buti nyingi za mlima zina tabaka la povu gumu la poliyurethani kati ya raba ya chini na ngozi ya juu. Tabaka hilo huzeeka hata kama buti imekaa tu kabatini: unyevu wa hewa huivunjavunja poliyurethani polepole, na baada ya miaka kadhaa, mara nyingi kati ya 5 na 10, inaanza kumung'unyika. Hii ndiyo hatari kubwa ya buti za mtumba. Ngozi imepigwa kiwi inang'aa, raba ina meno, na katikati hamna kitu. Igeuze buti ubavu, tafuta tabaka hilo juu kidogo ya raba, ulibonyeze kwa ukucha wa dole gumba kwa nguvu zako zote. Likibonyea na kurudi, ni zima. Ukucha ukiacha shimo lisilorudi, ukiona nyufa nyembamba kama nywele, au kidole kikibaki na unga, mrudishie mwenyewe. Fundi wa viatu hawezi kukuokoa kwa gundi, maana atakuwa anagandisha raba kwenye unga. Buti ya namna hiyo huachia soli siku ya pili au ya tatu ya kulowana, na Rwenzori hakuna siku ya kutolowana.

Zikipita hapo, ziloweke kwenye beseni la maji kwa nusu saa, zivae na soksi utakazovaa mlimani, ubebe mzigo wa kilo kama 10 na utembee saa mbili kwenye vilima. Fanya hivyo mchana, miguu ikiwa imeshavimba kidogo. Ukiteremka, vidole visiguse mbele. Vikigusa kwenye vilima vya Fort Portal, siku ya kushuka kutoka kileleni kucha zitakuwa nyeusi.

Sasa ugumu wa soli. Simama ukingoni mwa ngazi, theluthi ya mbele tu ya buti ikiwa imekanyaga na kisigino kikiwa hewani. Buti ikikunjika hadi kisigino kishuke chini kabisa, ni ya kutembelea tu na haifai kwa kramponi yoyote. Ikikunjika kidogo na kukubeba, inafaa kwa kramponi za mikanda. Isipokunjika kabisa, una buti ya kupandia barafu. Halafu ishike mbele na nyuma uipindue kama unakamua nguo. Isiyofaa itageuka kirahisi.

Kwenye maelezo ya viatu vya Ulaya, hasa maduka ya Uingereza, utakuta buti zimepangwa B0 hadi B3 na kramponi C1 hadi C3. B0 haivalishwi kramponi. B1 huvaa C1, zile za mikanda mbele na nyuma. B2 ina ukingo mgumu kwenye kisigino, kwa hiyo inakubali pia C2, yenye mkanda mbele na klipu nyuma. B3 ina ukingo mbele na nyuma na huvaa zote, pamoja na C3 ya waya na klipu. Buti ngumu inaweza kuvaa kramponi ya daraja la chini, lakini buti laini haiwezi kuvaa ya daraja la juu.

Muuzaji wako hajakosea kusema jozi ya klipu ni ya kitaalamu. Alichoacha kukuambia ni kwamba ule waya wa mbele unahitaji mfereji au ukingo uliochongwa kwenye ncha ya soli, na klipu inahitaji ukingo wa plastiki au raba ngumu wenye kina cha kama sentimita moja kwenye kisigino. Pitisha kidole kuzunguka buti yako. Kama mbele ni raba ya mviringo inayopanda juu ya vidole, waya utakaa vizuri ukiwa sebuleni, kisha utateleza na kutoka mara ya kwanza utakapopiga teke barafu. Kramponi hutoka pale pale unapoiwekea uzito wote, kwenye mteremko.

Kuhusu alumini, tazama njia yenyewe. Kutoka kibanda cha Elena, mita 4,541, unaanza na miamba mipana iliyolowa, mara nyingine imefunikwa na ganda jembamba la barafu. Unafika uwanda wa barafu wa mlima Stanley, unavuka, unashuka kwenye mawe, unapanda barafu ya Margherita ambayo ina sehemu kali, kisha mawe tena hadi kileleni, mita 5,109. Mwaka 1906, msafara wa mwanamfalme wa Abruzzi ulipofika kilele hicho kwa mara ya kwanza, milima sita ya Rwenzori ilikuwa na barafu ya kudumu. Leo iliyobaki ni kidogo, hasa kwenye Stanley, na kila inaporudi nyuma inaacha mawe zaidi. Asubuhi moja meno yako yatakanyaga mawe, theluji laini na barafu ngumu. Waongozaji wengine huwavua watu kramponi kwenye mawe, wengine huwaacha nazo kuokoa muda, na hata ukivua bado kutakuwa na hatua kadhaa za chuma juu ya jiwe.

Alumini haistahimili hilo. Ilitengenezwa kwa watu wanaovuka theluji tu, kwa mfano wale wa skii za milimani wanaohitaji meno kwa mwendo mfupi kisha wanateleza kushuka. Jozi ya alumini ina gramu 400 hadi 600, ya chuma 800 hadi 1,000. Tofauti hiyo mguuni unaihisi kweli. Lakini ncha za alumini zikikanyaga mawe kwa saa moja zinakuwa butu, na barafu ngumu ya alfajiri haing'atwi na ncha butu. Hapo sikushauri hata kuwazia uzito.

Idadi ya meno haina ubishi mrefu. Meno 10 yanatosha kwa mteremko wa wastani; 12 ni bora kwa Margherita kwa sababu yanayofuata yale mawili ya mbele yameelekezwa mbele pia na yanasaidia unapopanda uso kwa uso na barafu. Tafuta alama ya kiwango cha usalama, EN 893 ya Ulaya au ya UIAA, shirikisho la kimataifa la wapanda milima, iliyogongwa kwenye chuma. Na usikubali kuuziwa ile raba yenye minyororo na vijino vifupi inayovutwa juu ya kiatu: hiyo ni ya barabara zenye barafu.

Kitu ambacho wengi hawakiangalii ni bamba la plastiki au raba chini ya kramponi. Theluji ya kwetu Rwenzori ni ya maji. Saa kumi na moja alfajiri imeganda na meno yanaingia safi. Jua likishapanda, kwenye saa tatu au nne, inalainika na kushikamana chini ya chuma. Hatua chache tu na unatembea juu ya donge la theluji, meno hayagusi chini kabisa. Mtu aliyepanda vizuri anateleza wakati wa kushuka, akidhani amechoka, kumbe amevaa mabonge. Bamba hilo linapinda kila unapokanyaga na kuisukuma theluji itoke. Jozi isiyo na bamba ipunguziwe bei kwelikweli, au iache. Kama huna namna, funika chuma kwa chini kwa tepe pana ya plastiki, ukiacha meno tu yatokeze. Itashika saa chache. Hata ukiwa na bamba, donge likianza, gonga ubavu wa buti kwa mpini wa shoka la barafu.

Sasa majaribio ya huku chini. Theluji haihitajiki, kwa sababu unachopima ni jinsi chuma kinavyokaa kwenye buti. Kaa na kramponi ya kushoto kwanza; ziko za kushoto na kulia, na bizimu za mikanda lazima zikae upande wa nje wa mguu ili zisinase suruali ya mguu wa pili. Rekebisha urefu kwenye kile kipande cha katikati chenye matundu hadi kisigino kibanwe na ncha ya buti iingie kwenye kikapu, kile kishikio cha plastiki cha mbele. Bado hujafunga mkanda wowote. Inua buti juu, itikise. Kramponi iliyopimwa sawa inabaki kwenye buti yenyewe. Ikianguka, ni ndefu mno kwa tundu moja au umbo lake haliendani na soli yako. Kisha angalia kwa chini: chuma kigusane na soli mbele na nyuma, pasiwe na mwanya. Meno mawili ya mbele yatokeze sentimita 2 hadi 2.5 kupita ncha ya buti. Yakitokeza zaidi yatakukwaza, yakitokeza pungufu hayatafika kwenye barafu.

Angalia pia kipande cha katikati. Kwa buti ya ngozi inayokunjika kidogo kiwe chembamba, kinachopinda pamoja na soli. Kigumu kisichopinda kwenye buti inayopinda kinachoka na kukatika, na hukatika kwenye tundu.

Funga mikanda, ukipitisha kwenye pete zote, na uvute ikiwa buti imejaa mguu wako. Mkia unaobaki utoshe kushikwa kwa glavu nene lakini usiburuzike. Ukizidi, ukate na uchome ncha kwa kiberiti isifumuke. Tafuta mteremko wa nyasi au udongo mgumu, si mawe, utembee nusu saa: panda, shuka, kata mteremko ubavu ukikanyaga meno yote ya chini kwa pamoja. Miguu iwe mbali kidogo kuliko kawaida. Simama, vuta mikanda tena. Ikiwa imelegea kidogo ni kawaida, kwa sababu imejinyoosha. Kramponi ikiwa imezunguka kuelekea ubavuni, kipimo si sawa, rudi mwanzo. Zoezi la mwisho ni kuvaa na kuvua usiku, glavu mkononi, tochi ya kichwani, hadi jozi nzima ikae ndani ya dakika tano. Kule utaondoka Elena kwenye saa nane au tisa usiku.

Gambuti sasa. Jamaa yako amechanganya mambo mawili. Gambuti ndizo viatu sahihi kwa sehemu kubwa ya safari: bonde la Bujuku na tope la Bigo humeza buti ya ngozi, na ikishalowa haikauki tena hadi urudi nyumbani. Chagua zinazokubali soksi nene na soli ya ndani ya kuongeza, kisigino kisipande unapotembea. Lakini kramponi juu ya gambuti, hapana. Soli inakunjika, raba inabonyea chini ya mkanda hivyo mkanda haukazi kamwe, na kifundo cha mguu hakishikiliwi. Buti za ngozi zibebwe kavu ndani ya mfuko wa plastiki hadi Elena, zivaliwe usiku ule wa kupanda kilele.

Kama wenzako watakodi, wazikague kule kule chini kabla mzigo haujapewa wapagazi, wakiwa na buti zao wenyewe mkononi. Wapinde kikapu cha plastiki cha mbele kuona kama kimepasuka, watazame ufa pale jino linapokunjwa kutoka kwenye fremu, watikise kila ribiti na skrubu. Ncha butu zinolewe kwa tupa ya mkono, ukifuata umbo lake la mwanzo. Grainda isiguse, kwa sababu joto linaondoa ugumu wa chuma na jino litapinda. Kwenye begi zifungwe kwa kipande cha tyubu ya baiskeli au turubai zito, mbali na koti la mvua na mfuko wa kulalia. Mkirudi, zikaushwe siku hiyo hiyo na kupakwa mafuta kidogo kabla ya kuwekwa.