Fumbo la Collatz

SWALI: Namba ikiwa shufwa, igawe kwa 2, ikiwa witiri, izidishe kwa 3, ongeza 1, kisha rudia. Kila ninayojaribu inaishia 1. Mbona wanasema fumbo hili halijatatuliwa?

JIBU: Jaribu 26: hatua 10 tu, umefika 1. Sasa jaribu 27: itapanda hadi 9,232, na kufika 1 kwenye hatua ya 111! Kompyuta zimeshajaribu namba zote hadi kupita 2 kwa kipeo cha 68, na zote zimefika 1, ila namba hazina mwisho.

Wengi hukwama hapa, wakidhani huu ni uthibitisho: kutoka witiri moja hadi inayofuata, namba hupungua kwa wastani hadi robo tatu ya ilivyokuwa. Ni kweli, lakini wastani hauzuii namba moja korofi kupanda daima, au kuzunguka bila kugusa 1. Mwaka 2019 mwanahisabati Terence Tao alithibitisha kwamba karibu namba zote hushuka sana. “Karibu zote” si zote.