Je, kujinyima chakula husafisha ini?

Umeuliza kama kukaa bila kula kwa siku kadhaa husafisha ini na kuzuia mawe katika mfuko wa nyongo. Kwa kweli, mfuko huo unaweza kudhurika kwa njia hiyo: mtu anapopungua kwa kasi, zaidi ya kilo 1.5 kwa wiki, ini humwaga kolesteroli nyingi ndani ya nyongo, na kwa kuwa hakuna mlo wenye mafuta wa kuufanya mfuko ujikamue, nyongo hutuama, huwa nzito na huweza kugeuka mawe. Ini lenyewe halihitaji vinywaji vya kulisafisha. Ini lililojaa mafuta hupata nafuu mtu mnene anapopunguza asilimia 7 hadi 10 ya uzito wake polepole, nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki, huku akiacha soda na vinywaji vingine vyenye sukari nyingi. Pombe nayo ni bora iachwe kabisa. Lakini nakusihi, ukipata maumivu makali chini ya mbavu za kulia pamoja na homa au macho ya manjano, nenda hospitali siku hiyo hiyo.