Unyoya unaofaa kwa nzi bandia anayeelea
Umeuliza kwa nini nzi bandia, yaani chambo cha kuvulia samaki kinachoigiza mdudu, uliyemfunga kwenye ndoana kwa manyoya ya kuku jike huzama. Manyoya hayo ni laini na hunyonya maji, kwa hiyo yanafaa zaidi kwa chambo kinachotakiwa kuchezacheza chini ya maji, ilhali manyoya ya shingo ya jogoo aliyekomaa, yenye vijinyuzi vigumu vinavyong'aa, humshikilia nzi juu. Chagua unyoya wenye vijinyuzi virefu takriban mara moja na nusu ya nafasi iliyo kati ya ncha na shina la ndoana, uuzungushe mara 4 au 5, na tafadhali uache nafasi ndogo karibu na tundu la ndoana, kwani hapo ndipo fundo la mwisho hukaa. Nimesikitika mara nyingi kuona kazi nzuri ikifumuka kwa kukosa nafasi hiyo.