Mdogo wako hajagoma kliniki bila sababu

Dada uliyeuliza kuhusu mdogo wako mwenye mimba ya miezi 5 asiyetaka kuanza kliniki: usimpeleke kwa nguvu, na usikubaliane na waliokujibu kwamba ni ujinga tu. Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, kazi yangu ni kupita nyumba kwa nyumba, na wengi ninaowakuta hawajaenda wanajua vizuri kabisa kliniki ni ya nini. Mwulize kwanza anaogopa nini.

Wengi wanaogopa kufokewa. Mama akichelewa kuanza, au mimba zikifuatana, au akiwa binti mdogo, la kwanza analoulizwa ni "ulikuwa wapi siku zote?", tena mbele ya foleni nzima. Aliyeulizwa hivyo harudi, na shoga zake nao hawaendi maana habari zimeshawafikia. Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linashauri mjamzito aonwe angalau mara 8, mara ya kwanza kabla wiki 12 hazijaisha. Ni ushauri mzuri, ila wakati huo wengi bado wanaificha mimba, kwa kuhofia itatoka au kwa sababu aliyewapa mimba hajajulikana nyumbani.

Halafu kuna lile la "njoo na mwenzako". Nia ni njema, wapimwe wote wawili virusi vya Ukimwi na kaswende. Lakini aliyetelekezwa atamtoa wapi huyo mwenza? Mdogo wako akirudishwa kwa sababu hiyo asiondoke, aombe kuonana na msimamizi wa kituo.

Kwa watoto, kadi ndiyo inayowaponza wengi. Niliwahi kumkuta mama ambaye mwanawe amepitwa na chanjo ya surua. Nikaomba kadi. Akainua godoro, akatoa mfuko wa nailoni wenye karatasi iliyolowa maji ikagandamana, wino wote umevuja. Alikaa nayo hivyo muda mrefu kwa hofu ya kuambiwa mzembe. Nikaongozana naye. Muuguzi akafungua rejista, akashuka na kidole mpaka kwenye jina la mtoto, akaandika kadi nyingine, mtoto akachomwa sindano, basi. Na hili lisambazeni: mtoto aliyepitwa na dozi haanzi upya, anaendelea pale alipoishia. Natamani maneno hayo yabandikwe kwenye mlango wa kila kituo.

Umbali na nauli nisivirefushe, mnavijua. Kibaya zaidi ni uchungu kuanza usiku huku ruhusa ya kutoka ikiwa kwa mume au mama mkwe, naye anasema tusubiri kupambazuke. Mwaka 1994 watafiti wawili, Thaddeus na Maine, walieleza kwamba mama hucheleweshwa mara tatu: kuamua kwenda, kufika, na kuhudumiwa akishafika. Kinachoniuma ni kwamba lawama tunazimwaga zote kwenye hilo la kwanza, tena juu ya mama peke yake, wakati mara nyingi anasita kuamua kwa sababu anajua yanayomngoja kule mwisho.

Sasa, mdogo wako. Miezi 5 bado inafaa sana: atapimwa damu, presha na mkojo, atapewa vidonge vya kuongeza damu, na mtapanga atajifungulia wapi na atafikaje. Nenda naye, kaa naye kwenye benchi, na kama kuna wa kujibu maswali ya foleni uwe wewe. Akishajifungua msimwangalie mtoto tu. Mama naye anatakiwa aangaliwe kwa makini saa 24 za kwanza, maana damu ikimtoka nyingi inaweza kumuua ndani ya saa chache. Na kuanzia leo, akiumwa kichwa kisichotulia, akiona maluweluwe, akivimba uso, akitokwa damu, au mtoto akipunguza kucheza tumboni, msingoje siku ya kliniki. Nendeni saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.