Nina miaka 43: je, nimechelewa kuhamia ughaibuni?

SWALI: Assalaamu alaykum, Sheikh. Mimi ni muuguzi katika hospitali ya serikali, Tanga. Nina miaka 43 na nimetumikia miaka 14. Mke wangu ana miaka 36, ni mwalimu wa sekondari mwenye shahada. Nina watoto wanne: binti wa miaka 20 niliyemzaa na marehemu mke wangu wa kwanza, kisha wa miaka 13, 10 na 6. Mama yangu ana miaka 71 na tunaishi naye. Nataka kuomba ukaazi wa kudumu Canada. Imamu wetu alisema darsani kwamba aliyefika arobaini atulie ajiandae na akhera, akasoma Suratul Ahqaf. Mjomba anasema kuishi nchi za makafiri ni haramu, basi. Na wakala mmoja wa viza ameniambia tatizo ni umri, nitafute cheti kipya cha kuzaliwa kinipunguzie miaka sita. Je, kuna umri ambao mtu akiupita hafai tena kuhama?

JAWABU: Wa alaykumus salaam wa rahmatullahi wa barakatuh. Nimelitanguliza swali lako kwa sababu ya maneno ya huyo wakala. Lakini sitaanza na yeye.

Sharia haikuweka umri wa kuhama, wala wa kuanza wala wa kukoma. Anayedai upo alete nassi ya Qur'ani au hadithi.

Aya aliyoisoma imamu ni ya 15 ya Suratul Ahqaf, na laiti angeisoma yote. Inaanza kwa kumuusia mtu awatendee wema wazazi wake. Inamtaja mama aliyembeba kwa taabu na kumzaa kwa taabu. Kisha inamfikisha mtu huyo miaka arobaini akiomba dua: ajaaliwe kushukuru neema aliyopewa yeye na wazazi wake, atende mema, na atengenezewe dhuria yake. Hapo ndipo arobaini ilipotajwa. Wapi imesemwa asisafiri? Mtu wa aya hii ana mzazi mkono mmoja na mtoto mkono mwingine, na anamuomba Mola wake nguvu ya kuwahudumia wote wawili. Kumgeuza kuwa mzee wa barazani anayehesabu siku ni kuibebesha Qur'ani mawazo yetu.

Na kama arobaini ni mwisho wa kuanza mambo, Mtume (S.A.W.) alipofika arobaini alianza nini? Wahyi ulimshukia katika umri huo. Alihama Makka na miaka 53, na Abu Bakr aliyekuwa naye pangoni alikuwa mdogo wake kwa miaka kama miwili. Lakini nakuletea aliye karibu zaidi nawe. Sahaba Abdurrahman bin Awf alizaliwa miaka kama kumi baada ya Mwaka wa Tembo, ndio mwaka aliozaliwa Mtume; basi alipofika Madina alikuwa kwenye umri wako huu huu. Mali yake aliiacha Makka. Sa'd bin Rabi' wa Answari, wenyeji wa Madina, akataka kumgawia nusu ya mali yake, naye akamuombea baraka na kusema: nionyesheni soko. Akaonyeshwa soko la Banu Qaynuqa, akaanza na samli na jibini. Hadithi hiyo imo katika Bukhari. Mtu wa miaka 43, mgeni, anauza samli asubuhi ya kwanza! Na yupo mwingine ambaye riwaya nyingi humtaja kwa jina la Dhamra bin Jundub, mzee na mgonjwa, aliyetaka abebwe atolewe Makka, akafia Tan'im, karibu na Makka, kabla hajafika mbali. Wafasiri wameitaja aya ya 100 ya Suratun Nisaa kuwa ilishuka kwa ajili yake. Hakuna aliyemwambia umri umekwenda.

Imamu anaweza kunijibu kwamba hiyo ilikuwa hijra ya dini, si ya kutafuta fedha. Kweli, na hapo namuunga mkono. Safari yako ni ya chumo na mustakabali wa watoto. Usiivishe kanzu ya hijra ili ionekane tukufu. Mtume (S.A.W.) alisema kila mtu atapata alichonuia, na aliyehama kwa ajili ya dunia hijra yake ni kwa kile alichokiendea. Lakini safari ya chumo nayo haikuwekewa umri. Suratul Muzzammil, aya ya 20, imewataja wanaosafiri katika ardhi wakitafuta fadhila za Mwenyezi Mungu pamoja na wanaopigana katika njia yake. Na watu wa mwambao huu hawahitaji kufunzwa jambo hili. Baba zetu walitoka Hadhramaut kwa majahazi, na baada ya 1970 wangapi walitoka Unguja na Mombasa kwenda Oman, wengine na mvi, wakaanza upya kwa Kiarabu cha kubabaisha?

Mjomba nitamjibu kwa ufupi. Anakusudia hadithi ya Jarir, kwamba Mtume (S.A.W.) amejitenga na Mwislamu akaaye baina ya washirikina. Imepokewa na Abu Daud na Tirmidhi, na Bukhari mwenyewe aliona kilicho sahihi ni kwamba ni mursal, yaani mnyororo wake haukufika kwa sahaba. Isitoshe, ilisemwa katika tukio la vita. Waislamu walikaa Uhabeshi chini ya mfalme Mkristo, na Ja'far bin Abi Talib hakurudi ila wakati wa vita vya Khaybar, mwaka wa 7 wa Hijra. Kwetu sisi Mashafi, wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafi'i, mwanachuoni Mawardi amesema mtu akiweza kuidhihirisha dini yake katika mji wa makafiri, kukaa kwake humo ni bora kuliko kuondoka. Sharti ni hilo: swala, saumu, hijabu ya mkeo, malezi ya watoto. Kwa hiyo chagua mji kwa msikiti na madrasa kabla ya mshahara. Huyo wa miaka 13 atafika huko akiwa amebaleghe au anakaribia, na kwa kawaida shule itamweka darasa la umri wake hata kama lugha haijamkaa. Ndiye atakayeumia zaidi mwaka wa kwanza, na watu humsahau kwa sababu hatoi machozi kama mdogo wake.

Ndugu yangu, umeniuliza umri wako. Ulio muhimu zaidi ni umri wa wenzako.

Anza na mkeo. Katika mfumo wa Canada uitwao Express Entry, unaopanga waombaji kwa alama, mwombaji anayefuatana na mwenzi wake hupata alama 100 za umri akiwa na miaka 20 hadi 29. Akifika 40 hupata 45, akiwa na 43 hupata 15, akiwa na 44 hupata 5, na kuanzia 45 hapati kitu. Mkeo wa miaka 36 anapata 65. Na katika kipimo cha kustahiki, ambacho lazima ufikishe 67 kati ya 100, umri wako unakupa alama 4 na wake unampa 11. Hakuna kanuni inayolazimisha mume awe mwombaji mkuu. Shahada yake na kazi yake ya ualimu zinamtosha kuandikwa mbele, ukawa wewe ndiye unayefuatana naye. Wanaume wetu wengi huona haya hapa. Kuandikwa wa pili kwenye fomu hakukuvui uanaume, na nafaqa, yaani matumizi ya mke na watoto, inabaki shingoni mwako popote utakapokuwa. Wote wawili mfanye mtihani wa Kiingereza. Mwombaji mkuu anahitaji angalau 6.0 katika kila sehemu nne za IELTS ya General, na majibu yake hudumu miaka 2 tu. Tathmini ya vyeti vya elimu hudumu miaka 5. Basi tangulizeni tathmini, mtihani ufuate.

Kisha binti yako. Mtoto huhesabiwa tegemezi akiwa chini ya miaka 22 na hajaolewa, na umri wake hufungwa siku ombi kamili linapopokelewa. Siku unayojaza wasifu wa Express Entry haihesabiki. Wasifu hukaa miezi 12 ukisubiri mwaliko wa kupeleka ombi lenyewe. Mwaliko ukija, unapewa siku 60 kupeleka ombi. Piga hesabu: hapa ndipo saa yako inapolia, wala si kwenye miaka yako 43. Akipitwa, atabaki hapa peke yake, yatima wa mama, na baba akiwa ng'ambo. Na asikudanganye mtu umwache nje ya fomu ukisema utamchukua baadaye. Ndugu ambaye hakutajwa wala kuchunguzwa wakati wa ombi kwa kawaida hawezi kudhaminiwa tena. Lakini akija mchumba anayemridhia, msimfungie ndoa yake kwa ajili ya viza.

Sasa wakala. Cheti cha kuzaliwa chenye tarehe ya uongo ni ushahidi wa uongo, na Mtume (S.A.W.) aliutaja pamoja na shirki na kuwaasi wazazi, akawa ameegemea akakaa sawa, akaurudia mpaka masahaba wakatamani anyamaze. Wanaotetea jambo hili husema serikali ya makafiri haina haki ya kuambiwa ukweli, au kwamba dharura huhalalisha. Yote mawili ni batili. Anayeomba kuingia nchi ya watu anaingia kwa ahadi, na fuqahaa, wanavyuoni wa sharia, wameandika wazi kwamba aliyeingia kwao kwa amani ni haramu kwake kuwafanyia hiyana. Na dharura gani hii ya mtu mwenye kazi, nyumba na afya? Dharura ni anayekaribia kufa kwa njaa mbele ya mzoga. Tena fikiria utakaloishi nalo: utaidanganya leseni, pensheni, daktari, na mirathi yako itakuja na tarehe mbili za kuzaliwa. Hata kidunia ni ujinga. Cheti chako cha kidato cha nne, kumbukumbu za mwajiri na kitambulisho cha taifa vyote vina tarehe ya kweli; vikigongana, adhabu ya Canada ni kufungiwa kuomba kwa miaka 5, na wewe ukitoka hapo una 48. Na hila nyingine ya mawakala, ya kukopa fedha wiki moja ili zionekane benki, ni mlango ule ule: Canada wanataka barua ya benki inayoonyesha wastani wa salio la miezi 6, na fedha za mkopo hazikubaliwi.

Huyo mtu mwache. Kufungua wasifu ni bure, na anayelipwa kushauri lazima awe wakili au mshauri aliyesajiliwa huko.

Kuhusu kazi: wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, na kwako methali hii ina tarakimu. Miaka 14 ni miezi 168. Pensheni ya mwezi ya mfuko wa umma inataka michango ya miezi 180, maana yake umebakiwa na mwaka mmoja. Usiandike barua ya kuacha kazi kwa sababu ya mwaliko. Mchakato wenyewe unaweza kuula huo mwaka ukiwa kazini, na viza mkononi ndiyo ruhusa ya kuaga. Huko uuguzi hautaanza siku ya kwanza: vyeti vyako vitapitiwa, kisha kuna mtihani wa leseni ya uuguzi uitwao NCLEX, na wengi huanza kama wasaidizi wa kulea wazee. Ukifika na 45 na kukaa mpaka 65, pensheni yao ya uzee itakupa sehemu 20 kati ya 40, yaani nusu. Chini ya miaka 10 ya ukaazi huipati ukiwa huko. Kwa umri wenu utavutwa pia uharakishe mkopo wa nyumba wa miaka 25. Ni riba, na ungekuwa unaulipa na miaka 70. Pangeni nyumba ya kukodi.

Uraia si lazima. Tanzania haimruhusu mtu mzima uraia wa nchi mbili, lakini ukaazi wa kudumu haukutoi utanzania. Unatakiwa uwe Canada angalau siku 730 katika kila miaka 5.

Nimemuacha mama mwisho kwa sababu hapa ndipo hukumu yako inaweza kugeuka. Wanavyuoni wetu wengi hawakuifunga safari ya chumo yenye usalama kwa idhini ya mzazi, lakini mzazi anayehitaji kuangaliwa na hana mwingine wa kumuangalia, kumuacha ni haramu, uwe na miaka 43 au 23. Mtu mmoja alimjia Mtume (S.A.W.) akitaka jihadi, akamuuliza: wazazi wako wahai? Akasema ndiyo. Akamwambia fanya jihadi kwao. Ikiwa una ndugu atakayelala naye nyumba moja, na wewe ukapeleka matumizi ya kila mwezi bila kukumbushwa, basi safari ni halali. Ikiwa ni wewe tu, ngoja, hata alama zote za umri ziishe. Ipo viza ya wazazi inayomruhusu kukaa hadi miaka 5 kwa safari moja, lakini inataka bima ya afya isiyopungua dola 100,000 za Canada, na bei yake kwa umri wake ni nzito. Iulizie kabla hujamuahidi.

Zungumza naye mwenyewe, si kupitia kwa mjomba, na usimuulize kama anakubali, maana mama atakubali huku moyo unalia. Muulize anataka nani amshike mkono usiku akiugua. Akitaja jina lisilo lako na mwenye jina akaridhia, swalini istikhara, wewe na mkeo, kisha mkajiandikishe mtihani wa Kiingereza.

Wallahu a'lam.